Posa ya Mzee Kuroda

Sehemu ya Tisa

Hatua zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama.

Wiki jana, msomaji, tulimwacha Waringa kwenye kichumba cha kutundikia makoti katika kilabu cha Kijapani kiitwacho Ume, ghorofani juu ya duka la dobi kule Rockville, Maryland. Ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, ana bahasha mbili mkononi na hana pa kuzificha.

Zilikuwa bahasha pacha, nyeupe, nzito, zimefungwa kwa kamba ya nyekundu na nyeupe kama Wajapani wanavyofunga mahari. Moja aliitoa kwenye koti la mwajiri wake, mzee Kuroda, na ndani yake mlikuwa na hundi ya benki ya dola themanini elfu, mkopo ambao mzee aliuwekea nyumba yake rehani. Ya pili ilidondoka kutoka kwenye koti la bibi harusi mtarajiwa. Hiyo ilikuwa tupu, ila kwa kadi ndogo iliyoandikwa K. Nomura, Sterling, Virginia, na namba ya simu.

Kwa hiyo bibi harusi alikuwa na bwana harusi mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameshalipa.

Kitasa kikazunguka.

Waringa hakupata hata nafasi ya kumtaja Mungu. Bahasha moja aliisukuma ndani ya koti la mzee, nyingine akaitia kwenye sidiria, benki aliyorithi kwa mama yake na nyanya yake.

Aliyeingia alikuwa bibi harusi mwenyewe.

"Umepotea?" Misaki aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ile laini ya kuulizia wateja kama waongezewe barafu.

"Koti lako lilianguka. Nimelitundika."

"Asante." Misaki akapitisha mkono kwenye mfuko wa koti. Mkono ukasimama. Akamtazama Waringa, Waringa akatazama dari.

Lakini angeuliza nini? Umeiona bahasha ya mchumba wangu wa kwanza?

"Wewe ni mfanyakazi mzuri," Misaki alisema hatimaye. "Inasikitisha. Nikishaolewa na Ku-san, mzee wako, nyumba ile haitahitaji wanawake wawili."

Akatoka. Waringa akabaki anacheka peke yake, kicheko cha hasira. Tutaona nani atafunga mizigo, alijiambia. Mzee akimkabidhi huyu mwanamke bahasha tupu, mchezo utakuwa umekwisha.

Ngoja tuwape mkono wasomaji wapya, halafu tukimbie.

Mzee Kuroda ana miaka sabini na mmoja. Ujanani aliletwa Kenya na kampuni yake kuuza malori, miaka mitatu Nairobi na sita Eldoret, na Kiswahili alichokisomea kwa makanika hakijamtoka mpaka leo. Alistaafia Bethesda. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na mwanawe wa Osaka hupiga simu mara moja kwa mwaka, siku ya mwaka mpya.

Upweke ule ulimfikisha Ume. Kila Ijumaa Waringa humpeleka kwa gari. Chupa yake hukaa rafuni ikiwa na jina lake shingoni, ikimngoja. Misaki humkabidhi taulo la moto, humwashia sigara, humuuliza kama amekula. Mzee hulipia kiti kwa saa, hulipia barafu, hulipia wimbo anaoimba mwenyewe, na hulipia juisi ya Misaki, ambayo ni ghali kuliko pombe yake. Miezi tisa sasa. Mwezi uliopita Misaki alimwambia machozi yakimlengalenga kwamba angeacha kazi hii kesho, kama angetokea mwanamume wa kumtolea mahari kwa heshima ya kwao. Mzee akaenda benki.

Waringa alipomwambia anaibiwa, mzee alimjibu kwa upole kwamba wivu haumpendezi. Ndipo Waringa akabadili njia.

"Mzee, umekaa Kenya miaka tisa. Uliona wapi mwanamume akabeba mahari kwa mkono wake mwenyewe, akampa bibi harusi, ndani ya baa?"

Mzee aliinamisha kichwa. Aliona aibu kweli, kwa sababu hata kwao Japani lazima awepo mtu wa kati.

"Sina ndugu hapa, Chepu-san."

"Unao. Wako Lanham na Laurel. Niachie mimi."

Ndiyo, umesoma vizuri. Mzee humwita Chepu-san. Sisi tunamjua kwa jina la Waringa, na kanisani anajulikana hivyo, lakini kadi ya kibali anayofanyia kazi si yake. Ni ya rafiki yake Chepngetich, aliyerudi Eldoret miaka miwili iliyopita kuolewa na kumwachia karatasi zake zote za kazi. Ejensi ya wahudumu wa wazee inamlipa Chepngetich. Mzee aliletewa Chepngetich. Kila wiki mbili hundi ya mshahara ikija, Waringa hukimbia kwenye sanduku la barua kabla tarishi hajafika mlango wa pili, asije akaulizwa maswali.

Basi hali ndiyo hiyo. Nyumba ikienda, mzee anapelekwa kwenye makao ya wazee, na Waringa anarudi kulala kwenye kochi la watu. Lakini anayetaka kufukua uongo wa Misaki mwenyewe amekalia wa kwake. Alilijua hilo, na lilimnyima usingizi.

Sasa twende.

Kwenye korido ya kilabu kulikuwa na simu ya sarafu. Waringa alitumbukiza robo dola, akapiga Sterling, akapokewa na mashine. "Bwana Nomura," alinong'ona baada ya mlio, "kama unamjua Misaki wa Ume, njoo sasa hivi. Anachumbiwa." Akakata simu, akarudi kuketi na ndugu za bwana harusi.

Ndugu wenyewe walikuwa wawili.

Wa kwanza ni mzee Elkanah, mtu wa Bungoma, mzee wa kanisa huko Lanham. Katikati ya wiki huongoza magari kwenye maegesho ya hospitali. Jumamosi ni msemaji wa maposa. Ameposea vijana kumi na mmoja, kutoka Baltimore hadi Manassas, na hakuna hata posa moja iliyomharibikia. Tatizo lilikuwa hapo, ila Waringa hakuliona mapema.

Wa pili ni Bi. Kaneza wa Bujumbura, mwuguzi anayekaa Laurel, ambaye hajawahi kumaliza saa nzima bila kumwuliza mtu swali la aibu.

Mpango ulikuwa rahisi. Waulize maswali magumu, wadai vitu visivyowezekana, mpaka upande wa bibi harusi uchoke wenyewe.

Upande wa bibi harusi alikuwa Misaki, kavaa kimono cha rangi ya chai, pamoja na mwanamume mfupi mwenye suti mpya na pager kiunoni. Huyo aliitwa Bwana Hattori, mjomba wake, aliyewasili kutoka Osaka jana.

Elkanah alisimama, akakohoa, akafunga vifungo vya koti.

"Sisi ni wapita njia," alianza. "Ng'ombe wetu mmoja amepotea. Tumefuata kwato, tukaona zimeingia katika boma hili."

Mzee Kuroda akageuka, akayaweka maneno hayo katika Kijapani. Misaki na mjomba wakatazamana. Mjomba akajibu kwa sauti ya chini.

"Anasema samahani," mzee Kuroda alitafsiri. "Hapa ni ghorofa ya pili. Hawajaona ng'ombe."

"Na wewe nyamaza!" Elkanah alimkaripia. "Kwetu bwana harusi hasemi siku hii."

"Sisemi. Natafsiri."

"Basi tafsiri kama mtu asiyekuwepo."

Mzee Kuroda akainamisha kichwa. Waringa alimwona anauma mdomo, akadhani ni woga.

"Binti huyu ni wa nani?" Elkanah aliendelea.

"Wa dada yangu," mjomba alijibu.

"Dada anaitwaje?"

"Keiko," alisema mjomba.

"Yoshie," alisema Misaki, wakati huohuo.

Bi. Kaneza akasogeza kiti mbele. "Pardon. Ni Keiko ao ni Yoshie?"

"Keiko Yoshie," mjomba alisema.

"Ah bon. Na iko wapi, huyu mama? Mutoto anaolewa, mama hakuyi? Mimi binti yangu akiolewa hata mwezini, nitakuya na sufuria yangu."

"Ni mgonjwa."

"Anaumwa nini? Mimi ni infirmière, sema tu."

Mjomba alijifuta jasho. Waringa alianza kustarehe. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, na angejua yanayokuja asingestarehe.

Wakaingia kwenye mahari. Mjomba alitaja dola themanini elfu, bila kupepesa.

Elkanah alicheka. Alicheka muda mrefu, kama inavyotakiwa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena.

"Mwambie," alimwambia mzee Kuroda, "kwa pesa hizo kwetu tunaoa ukoo mzima pamoja na shule yao ya msingi."

"Sabini," mjomba alisema.

"Msichana anajua kupika ugali?"

"Hapana."

"Toa kumi. Ana shamba?"

"Hapana."

"Toa kumi. Mama yake ana majina mawili. Toa ishirini, hiyo ni ya usumbufu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Waringa alikuwa anafuata kwa furaha, akingoja mjomba akasirike na kuondoka. Mjomba hakukasirika. Kila Elkanah aliposhusha, Misaki alimgusa mjomba goti, na mjomba alikubali. Elkanah naye damu ilikuwa imemchemka. Macho yaling'aa. Alisahau Lanham, akasahau Waringa, akasahau walikuja kufanya nini.

"Thelathini!" alinguruma. "Na mbuzi wawili tutawaleta Krismasi."

"Sawa," alisema mjomba.

"Tumepata mke!" Elkanah alipiga meza, na Bi. Kaneza, kwa mazoea tu, akapiga vigelegele vilivyotikisa chupa rafuni.

Waringa alimvuta Elkanah sikio mpaka karibu na kaunta.

"Mzee, umefanya nini? Si tulisema uharibu?"

"Niharibu?" Elkanah alimtazama kama aliyetukanwa. "Na jina langu? Nimeposa kumi na moja kwa kumi na moja, Waringa, leo ya kumi na mbili niiharibu mbele ya wageni?"

"Usiniite Waringa hapa!"

"Pole, Chepngetich. Lakini ulisikia nilivyotoa ile ya shamba?"

Kabla hajamjibu, sauti ya mzee Kuroda ikasikika nyuma yao. "Nadhani sasa vitu vionekane. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi!" Elkanah aliitikia. "Mahari hufunguliwa mbele ya macho yote. Lete."

Waringa akageuka kutazama mlango wa kichumba.

Hakuwa amefikiria kabisa kwamba bahasha ingefunguliwa mezani. Kwenye koti la mzee alijua ameweka ile tupu. Ikifunguliwa mbele ya watu watano, hundi haipo, na aliyebeba koti ni nani? Aliyeingia peke yake kwenye kichumba ni nani? Misaki alikuwa tayari anamtazama, na tabasamu dogo lilikuwa limeanza kuota.

"Nitaleta mimi," Waringa aliruka.

"Keti," mzee Kuroda alisema. "Leo si siku yako ya kazi." Akaenda mwenyewe.

Alirudi na bahasha, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Elkanah akafungua kamba taratibu, fundo kwa fundo, kama mtu anayefungua kidonda. Waringa alijaribu kuomba, akakumbuka maneno ya sala ya kulala tu.

Elkanah akaingiza vidole. Akavitoa.

"Hii hapa," alisema. "Dola themanini elfu."

Hundi! Waringa alijishika kifua. Ile tupu ilikuwa huku, kwenye sidiria, imelala joto. Kwa haraka yake alikuwa ameirudisha ya kweli kwenye koti la mzee.

Kwa pumzi moja alishukuru kwamba hataitwa mwizi. Kwa pumzi ya pili akaelewa. Nyumba ya mzee ilikuwa juu ya meza, na mkono wa mjomba ulikuwa unaifuata.

"Mtaturudishia hamsini," Elkanah alisema kwa fahari.

"Jumatatu," alisema mjomba.

"Lundi?" Bi. Kaneza aliruka. "Tangu lini watu wa msichana wanabaki na chenji? Mimi sijaona hiyo kwetu, sijaona Bukavu, sijaona hata Laurel!"

Waringa hakusubiri jibu. Kando ya kiti chake ilikuwa mashine ya kuimbia, ile inayopiga muziki na kuonyesha maneno kwenye runinga. Akaunyoosha mguu, akanasa waya kwa kisigino, akavuta.

Mashine ikapiga yowe. Yowe refu, jembamba, la kutoboa masikio. Elkanah akaziba yake, Misaki akaziba yake, na Bi. Kaneza akapiga ishara ya msalaba.

Mjomba kutoka Osaka hakuziba masikio. Aliinuka kabla hajajua ameinuka, akazungusha mashine, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa ndani wa suti, akafungua kifuniko cha nyuma, akagusa hapa, akabana pale. Nusu dakika, kimya. Akapuliza vumbi, akafunga.

Akageuka. Wote walikuwa wanamtazama.

"Franchement," Bi. Kaneza alisema pole pole, "oncle gani anakuya kuoza mutoto na tournevis mfukoni?"

Mjomba aliitazama bisibisi kana kwamba imeingia mkononi yenyewe. Kisha akaketi, akafungua tai, na akazungumza kwa Kiingereza cha kuchoka.

"Mimi ni fundi wa mashine hizi," alisema. "Natoka Gaithersburg. Nimeahidiwa dola mia mbili na chakula cha jioni."

Waringa aliruka juu. Hatimaye! Alimgeukia mzee Kuroda, tayari kumshika akianguka, tayari kumfuta machozi, tayari kumwambia nilikuambia.

Mzee alikuwa anamimina chai.

"Bwana Hattori ametengeneza mashine hii mara nne mbele yangu," alisema. "Mwezi wa saba ilikuwa ni spika ya kushoto."

"Ulijua?" Elkanah alibweka. "Umeniacha nikaposa kwa fundi?"

"Ulikuwa unafurahi, Mzee Elkanah. Mimi pia. Tangu mke wangu afe sijawa na jamaa wengi hivi mezani."

Waringa akaketi polepole.

Mzee akaichukua ile hundi, akaigeuza waisome. Alizungumza Kiswahili kwanza, kisha akarudia kwa Kijapani ili Misaki asikie kila neno.

"Vilabu hivi nimevikalia miaka arobaini. Tokyo, Osaka, hapa. Hakuna msichana anayefanya kazi kwa jina lake. Misaki ni jina la kilabu. Jioni hulivaa, akienda kulala hulivua. Mimi nilimwambia karani wa benki aliandike hilohilo." Akaigonga hundi kwa kidole. "Misaki Hoshino. Hakuna mtu wa jina hilo mwenye kitambulisho duniani. Hakuna benki itakayoilipa."

Rangi ilimtoka Misaki.

"Mzee," Waringa alinong'ona, "sasa ulitaka nini?"

"Jina." Mzee akaisukuma hundi mbele ya Misaki. "Miezi tisa ananiuliza kama nimekula. Najua namlipa aulize. Lakini usiku nikiwa kitandani nataka kumshukuru mtu, na sijui namshukuru nani." Akamgeukia Misaki. "Niambie jina alilokupa baba yako. Hapo hapo natoa kalamu, nakuandikia nyingine. Si lazima uolewe nami."

Hata fundi aliacha kucheza na bisibisi. Nyumba nzima, msomaji, kwa jina moja! Waringa alitaka kupiga kelele.

Misaki alilivua lile tabasamu lake, na bila hilo alionekana mkubwa kwa miaka kumi na mwanamke wa kawaida tu, mwenye miguu inayouma.

"Ku-san," alisema, "hapa kila kitu kina bei. Kiti, barafu, wimbo. Mimi mwenyewe nina bei. Jina langu haliko kwenye orodha." Akaisukuma hundi ikarudi upande wa mzee. "Hilo ndilo ninalorudi nalo nyumbani."

Akainuka, akamwinamia mzee chini kabisa, akaenda kusimama nyuma ya kaunta, mgongo kwao. Mabega yalikuwa yanatikisika. Waringa alikuja kumchukia mwanamke huyu, na sasa alijikuta anamhurumia, jambo lililomuudhi sana.

Mzee Kuroda alikunja hundi mara mbili, akaitia mfukoni. Nyumba ilikuwa imepona. Waringa akashusha pumzi aliyoibana mwezi mzima.

"Twende nyumbani, Mzee," alisema. "Nitakupikia uji."

"Bado," mzee alisema. "Wapo wawili."

"Wawili gani?"

"Wanawake wawili huniuliza kama nimekula. Mmoja namlipa kwa saa, mwingine namlipa kwa mwezi." Alimtazama usoni, bila ukali wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na wa pili naye jina lake silijui."

Elkanah alipatwa na kikohozi ambacho hakuna aliyekiamini.

"Mzee, mimi si ni Chepngetich..."

"Nimeuza malori Eldoret miaka sita. Nimekunywa maziwa ya mursik kwa kina Cheruiyot mpaka nikaota ndoto za Kikalenjin. Chepngetich gani anayegombana kwenye simu kwa Kikuyu kila Jumapili baada ya kanisa?"

Bi. Kaneza alifungua mdomo kuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliufunga.

Waringa angeweza kukana. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, na mmoja ulikuwa mzuri. Lakini alimtazama yule mwanamke nyuma ya kaunta, aliyekubali kukosa dola themanini elfu kuliko kutaja jina lake, na akajua kwamba yeye hana hata sababu nzuri kama ile. Yeye aliogopa tu.

"Mzee," alisema, "leo ni Jumamosi. Ni off yangu. Leo hakuna anayenilipa, na bado nimekuja. Naitwa Waringa."

"Waringa wa nani?"

"Wa Kimani. Kutoka Nyeri."

Mzee Kuroda akasimama. Akanyoosha koti lake, akaweka mikono kwenye mapaja, akainama, kama wanavyofanya kwao watu wawili wakionana mara ya kwanza.

"Nimefurahi kukufahamu, Waringa-san," alisema.

Waringa alilia hapo hapo, bila aibu, na bahasha ya Nomura ikimchoma kifuani. Mwaka mmoja na nusu wa kumkatia kucha na kumsomea barua za benki, na leo ndio wanafahamiana. Elkanah alimpa leso. Alikuwa ameifutia miwani, lakini haikuwa na neno.

"Ningefurahi zaidi," mzee aliendelea pole pole, akiketi, "kama ungeniambia wiki mbili zilizopita."

Waringa aliacha kulia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka kujua huyu Chepngetich ninayemlipia ejensi kila mwezi ni nani, yuko hai, yuko wapi. Nikampigia Cheruiyot. Eldoret si mji mkubwa. Alimpata kwa siku tatu." Mzee alitazama saa yake. "Nikamtumia tiketi na anwani ya hapa."

Kengele ya mlango wa chini ikalia.

"Ni Nomura," Waringa alisema haraka, akijipa moyo. "Mzee, huyo ni Nomura wa Sterling, nimemwita mimi."

Bi. Kaneza alikuwa ameshashuka kufungua. Wakasikia ngazi zikilia, na kitu kizito kikigonga kila ngazi, sanduku la magurudumu.

Mlangoni akasimama mwanamke mrefu mwenye koti jepesi mno kwa Novemba ya Maryland. Lebo ya uwanja wa ndege wa Dulles ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono wa sanduku lake. Alipitisha macho kwa fundi, kwa Elkanah, kwa mzee Kuroda, yakatua kwa Waringa.

"Waringa," alisema Chepngetich, "ulisema unaazima kadi tu. Sasa mbona maofisa wa uhamiaji pale Dulles wameniambia mimi nimeshaolewa hapa hapa Maryland?"